Bawa la nyuma na bushi za nyuma: kisa cha gari lililoacha kuyumba njia ya Bahi

Usuli

Mteja wa kisa hiki ni mtumishi wa serikali, kijana wa miaka thelathini na kitu, anaishi Dodoma na familia yake iko Singida. Jina, ofisi na namba ya gari nimeviacha. Yeye mwenyewe alisoma rasimu akaniomba niondoe vitu viwili zaidi, nikaviondoa. Gari ni Subaru Impreza sedani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye turbo, mtumba wa Japani kama yalivyo mengi hapa mjini. Mimi ni fundi wa sehemu za chini: bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari), shokomzoba, usukani, alaimenti (kupanga matairi yatazame sawasawa). Kazi za bodi si zangu, na utaona mbele kwamba hilo lilichangia makosa.

Alikuja mwezi wa nane na shida moja. Akishapita Nala na barabara ikanyooka kuelekea Bahi, mkia wa gari unayumba. Anayeijua njia ile anaujua na upepo wake wa kiangazi: hakuna msitu wa kuukata, ni vichaka na nyika, na kila ukipishana na semi unapigwa kofi la hewa ubavuni. Maneno yake yalikuwa haya: "Fundi, nikifika tisini mkia unakuwa kama si wangu."

Dawa alikuwa ameshaichagua kabla hajafika kwangu. Alishanunua bawa la nyuma la alumini, lile linalofungwa juu ya buti ili hewa iukandamize mkia, upana wake karibu mita 1.4, lenye miguu mirefu na vibao viwili vya pembeni. Lilikuwa limefungwa kwenye blanketi ndani ya buti, na alilifunua kwa uangalifu kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Bei yake ilikuwa laki nne na nusu. Alichotaka kwangu ni nikague tu chini kabla hajalifunga.

Kilichotokea

Alhamisi nilipandisha gari. Bushi za mikono ya nyuma zilikuwa zimekatika mpira pande zote mbili. Bushi ikifa, hakuna tena kinacholishika gurudumu mahali pake. Ukikanyaga mafuta au ukiachia, linajigeuza kidogo, na kwenye mashine ya alaimenti matairi yote mawili ya nyuma yalionekana yanatazama nje. Gari la namna hiyo hugeuza kila pigo la upepo kuwa kona ndogo ambayo dereva hakuiomba. Juu ya hayo, tairi moja la nyuma lilikuwa na upepo 36 na mwenzake 27. Upepo wa Bahi ulikuwa unasingiziwa makosa ya upepo uliomo ndani ya matairi.

Nilibadilisha bushi, nikapiga alaimenti, nikasawazisha upepo wa matairi. Vyote pamoja havikufika laki mbili. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nenda nalo hivi hivi Jumapili, ulijaribu, halafu unipigie."

Hakwenda nalo hivi hivi. Jumamosi alilipeleka kwa fundi wa bodi, bawa likafungwa. Miguu aliagiza ikatwe, kwa sababu ikiachwa mirefu gari lingeonekana la mashindano, na mtumishi hawezi kuegesha gari la mashindano mbele ya ofisi. Ikabaki kama sentimita 12 juu ya buti. Matundu manne yakatobolewa kwenye bati la buti, boliti zikapita, nati zikakazwa kwa washa ndogo. Siku hiyohiyo akaondoka.

Jumatatu simu ikaita. "Fundi, bawa limefanya kazi! Nimekwenda mpaka Manyoni na kurudi, gari limekaa kama limepigiliwa misumari."

Nikamwuliza, na bushi je? Akasema, "Ah, na bushi nazo, ahsante." Nakiri roho iliniuma, na nasema hivyo kwa sababu uchungu huo ulinisukuma kufanya majaribio ambayo pengine nisingeyafanya.

Habari ikafika kijiwe cha kahawa tunapokaa jioni, na pale wakagawanyika. Mmoja, dereva wa malori wa miaka mingi, alisema vitu vile ni vya kuanikia nguo. Mwingine alisema haiwezekani kampuni za magari ya mashindano zitumie fedha zote zile kwa ajili ya kamba ya nguo. Mteja alikuwa upande wa pili, bila shaka. Mimi nilikuwa najua kilichorekebishwa Alhamisi, ila sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya kinyongo.

Wiki ya sita akarudi na malalamiko mapya. Buti linapiga kelele barabara ikiwa mbovu. Maji ya kuoshea gari yanaingia ndani. Na ukilifungua halikai juu, kwa kuwa vyuma vyake vya kusukumia vilitengenezwa kubeba uzito wa buti peke yake. Lilikuwa limeshamwangukia kichwani mara mbili. Nilipotoa zulia la ndani nikaona nyufa zinazotoka kwenye matundu mawili ya kushoto, kila moja ndefu kama kidole gumba.

Maamuzi, na kwa nini

Njia rahisi ilikuwa kumwambia ang'oe bawa, kesi ikaisha. Sikufanya hivyo kwa sababu angeondoka akiamini kwamba fundi wa bodi kaharibu dawa nzuri, na angenunua jingine. Pia kulikuwa na jambo la usalama. Mtu anayeamini gari lake linashikwa barabarani na kitu ambacho hakilishiki, siku moja atapita kona ya Saranda kwa mwendo wa imani hiyo.

Tukakubaliana kujaribu, kwa masharti: alfajiri ya Jumapili, kipande kilichonyooka baada ya Nala, nje ya vijiji, na mwendo usizidi 100. Mabawa haya yamebuniwa kwa mwendo mkubwa zaidi ya huo, na nilijua kwamba kwa kuweka kikomo hicho sitaweza kusema lolote kuhusu 180. Lakini swali lake halikuwa 180. Swali lilikuwa safari yake ya Singida, njia yenye vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wenye tochi.

Kabla ya kutoka nilipiga hesabu kwenye karatasi. Nguvu ya bawa huenda na mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Huenda pia na uzito wa hewa, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10 joto likiwa sawa. Bawa la upana ule, na kina cha sentimita 22, likipata hewa safi na likiwa limeinamishwa vizuri, kwa mwendo wa 100 hapa kwetu linakandamiza kama kilo 12. Kwa 50 ni kilo 3. Kwa 200, kilo 48. Yaani kwa mwendo wake wa safari, nusu ya mfuko wa sembe wa kilo 25 ungefanya kazi ileile ukiuweka kwenye buti, na chini ya gari la karibu kilo 1,400 sidhani kama kuna kiuno cha dereva kinachoweza kuuhisi.

(Msomaji mwangalifu atasema sembe inaongeza uzito wa kusukumwa kwenye kona na bawa haliongezi. Ni kweli, na ndiyo sababu ya mabawa kuwepo. Lakini kilo 12 ni kilo 12.)

Majaribio yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa nyuzi. Nilikata uzi wa kufumia vipande vya kama kidole, nikavibandika kwa selotepu kwenye kioo cha nyuma, juu ya buti na chini ya bawa, halafu gari la pili likatufuata kwa pembeni, abiria wake akirekodi kwa simu. Uzi uliolala umenyooka unaonyesha hewa inapita vizuri. Unaocheza, au unaoelekea mbele, unaonyesha hewa imeachana na gari na inajizungusha.

La pili lilikuwa kuachia gari litembee lenyewe. Unafika 100, unatia nyutro, unahesabu sekunde hadi 80, kwenda na kurudi ili upepo na mwinuko vifutane. Hili linapima ukinzani wa hewa.

La tatu ndilo ninalolipenda. Nilikigeuza kioo cha ndani asiweze kuona nyuma, mimi nikiwa abiria ninayemwangalizia barabara. Tukaenda mara sita. Kabla ya kila safari alikaa kwenye usukani akitazama mbele, mimi nikaenda nyuma na spana. Mara nyingine nilitoa bawa, mara nyingine nilirudisha, na mara nyingine nilifungua boliti na kuzifunga zilezile bila kubadili kitu, asije akatambua kwa sauti. Akifika 100 anatakiwa aseme: lipo, au halipo.

Matokeo

Alipatia mara tatu kati ya sita. Ungerusha shilingi ungepata hivyohivyo.

Mara mbili alisema "lipo, nalisikia kabisa" wakati bawa lilikuwa limelala kwenye blanketi lake kiti cha nyuma. Nilidhani angekasirika. Alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni.

Video ya nyuzi ilieleza kwa nini. Kwenye sedani hewa inateremka kutoka paa kupitia kioo cha nyuma, na inapokaribia buti inachoka na kuachana na bati. Nyuzi za juu ya kioo zililala, za chini zilicheza. Bawa lake la miguu iliyokatwa lilikuwa limekaa katikati ya fujo hiyo. Nyuzi za ncha mbili za pembeni, karibu na vibao, zilinyooka. Zile za katikati, ambako ndiko kwenye bati kubwa la bawa, zilikuwa zinapunga kama mikono ya watu wanaomsimamisha kondakta. Tulipoliinua kwa muda kwa vipande vya bati nene hadi karibu usawa wa paa, nyuzi zote zikalala. Hapo hatukuvuka 80, kwa sababu buti lilianza kunepa na sikutaka bawa la alumini liruke mbele ya gari linalotufuata.

Jaribio la sekunde lilitoa tofauti ndogo. Bawa likiwa limeinamishwa sana, gari lilipungua kutoka 100 hadi 80 mapema kwa kama sekunde moja kati ya kumi na saba. Bila kuinamishwa sikuweza kuona tofauti.

Nikampa hesabu mezani: ulipe uzito, nyufa, mafuta kidogo na maumivu ya kichwa, upate kilo zisizofika kumi na mbili. Akafikiri siku mbili, kisha akaja na jibu ambalo sikulitegemea. "Fundi, nimekuelewa. Lakini nalipenda." Basi nyufa zikatobolewa mwishoni zisiendelee, zikachomelewa, buti likapakwa rangi, na ndani nikamtaka fundi wa bodi aweke bamba la chuma pana kama kiganja chini ya kila mguu ili nguvu isikae kwenye tundu moja. Bawa likarudi likiwa limelala bila kuinama. Kingo za vibao vya pembeni tulizivisha mpira, kwa sababu zilikuwa kwenye usawa wa uso wa mtoto anayepita nyuma ya gari na zinakata kweli.

Uchambuzi

Dereva wa malori pale kijiweni alikosea, na mteja alikosea, kila mmoja kwa namna yake.

Tuanze na aliyesema ni kamba ya nguo. Mwaka 1966 Jim Hall wa Marekani aliingia mashindanoni na gari la Chaparral 2E lenye bawa refu nyuma, na miguu ya bawa lile haikusimama kwenye bodi. Ilishuka moja kwa moja hadi kwenye vishikio vya magurudumu, nguvu ya hewa ikafika kwenye tairi bila kupitia springi. Mwaka 1968 Formula 1 ikafuata. Mwaka 1969, kwenye mbio za Hispania pale Montjuïc, mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika, Graham Hill na Jochen Rindt wakapata ajali, na katika mbio zilizofuata za Monaco mabawa marefu yakapigwa marufuku. Pambo likivunjika halimrushi mtu nje ya barabara. Yale yalikuwa yamebeba mzigo.

Magari ya kutembelea nayo yana ushahidi wake. Audi TT ilipotoka 1998 mkia wake ulikuwa laini kama yai, mzuri kutazama. Ujerumani, ambako kuna barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo, zikatokea ajali za mwendo mkubwa, na kampuni ikayaita magari yarudi ili kuongezewa, pamoja na mambo mengine, spoila ndogo nyuma. Spoila hiyo si bawa, na hapa watu wetu huchanganya maneno. Spoila ni ukingo unaokatiza hewa pale inapotaka kuunyanyua mkia, inapunguza kunyanyuka. Bawa ni umbo la bawa la ndege lililopinduliwa, hewa ikipita juu na chini yake, nalo linakandamiza. Wapo pia wanaolifunga bila kulipindua. Nimeona gari moja hapa mjini, upande uliovimba umetazama juu. Mwenye gari analipia kitu cha kumrusha.

Sasa upande wa mteja. Porsche wanaposema gari lao la 911 GT3 RS lililotoka 2022 linakandamizwa kwa kilo 409 kwa mwendo wa 200 na kilo 860 kwa 285, ni hesabu ya gari zima: pua, sakafu, matundu, na bawa lililoinuliwa kwenye hewa safi. Mteja alichukua kipande kimoja cha mfumo huo, akakikata miguu, akakiweka kwenye hewa iliyochoka. Miguu ndiyo iliyokuwa kazi. Alipoikata kwa sababu ya ofisi, alilifanya pambo kwa mkono wake mwenyewe.

Na hata lingefanya kazi lisingemponya. Bawa liko nyuma ya ekseli ya nyuma kwa karibu mita moja, na kutoka ekseli hadi ekseli Impreza ina kama mita 2.5. Ni mzani: ukikandamiza kilo 12 kwenye ncha ile, magurudumu ya nyuma yanapata kama 17 na ya mbele yanapoteza kama 5. Kwa 100 si neno. Kwa mwendo mkubwa, bawa la nyuma peke yake bila kitu cha mbele linakupa gari zito mkiani na usukani mwepesi, na kwenye kona pua inakataa kugeuka. Alikuwa analalamika mkia. Angebadilishana na malalamiko ya pua.

Kitu kimoja nampa. Vibao vya pembeni vya bawa ni eneo la ziada nyuma ya gari, na eneo nyuma husaidia gari lisigeuzwe na upepo wa ubavu, kama manyoya ya mshale. Inawezekana kabisa vilisaidia kidogo. Majaribio yangu hayakuweza kuona kiasi kidogo hivyo, na asubuhi ile upepo ulikuwa umelala. Tulichagua alfajiri kwa usalama, tukapoteza hali ileile aliyoilalamikia. Nikirudia, nitakwenda saa tisa alasiri, mwendo wa 80.

Kosa la fundi wa bodi linajulikana: bati la buti ni jembamba, halikutengenezwa kushikilia kitu kinachovutwa na kutikiswa, na washa ndogo haigawi mzigo. Lakini mimi nilikuwa na nafasi ya kulizuia. Bawa nililiona Alhamisi, nikaona na miguu yake, na nikanyamaza kwa kuwa bodi si kazi yangu. Ningesema sentensi moja kuhusu bamba la chini, buti lisingepasuka.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kumwachia gari bila kupanda nalo. Vitu viwili vilibadilika kati ya Alhamisi na Jumapili, na alichokiona kwa macho ndicho kilichochukua sifa. Bushi iko chini, nyeusi, haing'ai. Bawa analiona kila akitazama kioo cha ndani. Tangu hapo nikimaliza kazi ya chini napanda na mteja hadi Nala na kurudi kabla hajalipa, na namwuliza anahisi nini akiwa bado hajaongeza kitu kingine. Wengine hulalamika kwamba nawapotezea mafuta.

Kijiweni, dereva wa malori alitazama video ya nyuzi mara tatu. Akauliza kama tunaweza kubandika nyuzi kwenye trela lake.

Mteja bado anakwenda Singida kila baada ya wiki mbili, na gari halijayumba tena. Buti halikai juu mpaka leo. Ndani yake anatembea na mpini wa fagio wa kulizuia.